Kwa Nini Watu wa Igumila Huitana Majina Kimondo Kinapopita

Zamani hizo Igumila ilikuwa na nyumba thelathini tu, na msitu ulianzia pale mashamba ya mtama yalipoishia. Siku hizo kimondo kilipopita watu hawakuitana. Walinyamaza. Moto ulipokata mbingu, kila mtu alikimbilia ndani, akatia komeo mlangoni, akamwagia maji jiko lake, akakaa gizani bila kufungua kinywa mpaka jua lichomoze. Aliyeianzisha amri hiyo hakujulikana. Ilikuwapo tu, kama mto ulivyokuwapo, na watoto waliijua kabla hawajajua kuhesabu vidole vyao.

Sababu walikuwa nayo. Waliamini kwamba moto ule haupiti bure, unakuja kumtafuta mtu mmoja. Na kwa kuwa hauwezi kupenya mlango uliofungwa, huazima sauti. Huazima sauti ya mtu umpendaye, ukasimama nje, ukakuita kwa jina na kukuomba umfungulie. Aliyefungua, ulimchukua. Aliyeitika hata kwa neno moja, ulimchukua vilevile. Mara tatu katika umri wa watu waliokuwa hai kimondo kilikuwa kimepita, na mara zote tatu, asubuhi yake, alikosekana mtu mmoja. Ndiyo maana hakuna aliyeifanyia mzaha amri ile.

Basi palikuwa na mwanamke mmoja, jina lake Milembe, mke wa Lugwisha mrina asali. Alikuwa na watoto wawili: Nyanjige, binti wa miaka tisa, na Masele, ambaye alikuwa bado ananyonya. Milembe alikuwa mtu wa wasiwasi tangu utoto wake. Chungu kikikawia kuchemka, aliona balaa. Mumewe akichelewa siku moja msituni, alikuwa amekwisha kumlilia moyoni. Lugwisha alimtania kwa hilo, naye akacheka pamoja naye, lakini wasiwasi wenyewe haukumtoka.

Mwaka huo, mwezi wa kurina asali, wanaume karibu wote walikuwa msituni. Kijijini walibaki wanawake, watoto na wazee wachache, mkubwa wao akiwa Mzee Magaka. Huyu alikuwa mtu mrefu, mkavu, asiyecheka, na ndiye aliyekuwa mlinzi wa ile amri. Kila mwanzo wa kiangazi, mbingu zinapokuwa safi, alipita nyumba kwa nyumba kutazama makomeo. Komeo bovu alilivunja kwa goti lake mwenyewe na kusimama pale mpaka jipya lichongwe. Watoto aliwakusanya akawauliza, “Moto ukipita?” Nao wakamjibu kwa pamoja, “Tunaingia ndani.” “Mkiitwa?” “Hatuitiki.” “Hata akiita mama?” “Hata akiita mama.” Hapo aliwaacha waende zao.

Jioni moja isiyo na mwezi, kabla watoto hawajala, Milembe alikuwa uani anasonga ugali, Masele mgongoni. Watoto walikuwa wanacheza mchezo wa kujificha kati ya nyumba na vihenge vya nafaka. Aliwasikia wakicheka, akamsikia Holo, binti wa jirani yake, akihesabu kwa sauti huku amejiziba macho. Nyanjige alikuwa hodari wa kujificha kuliko wote, na Milembe aliwaza kwamba bila shaka ameingia tena shambani mwa mtama, na atarudi na miba miguuni. Akainua kichwa ili amwite aje kula.

Hakuwahi kumwita. Uso wa sufuria uling'aa ghafla mbele ya macho yake. Mwiko, majivu, vidole vyake, yote aliyaona kama saa sita za mchana. Vivuli vya nyumba vikaanza kutembea. Vilitoka upande mmoja vikakimbilia upande wa pili, kama kwamba mtu amebeba jua mkononi na anakimbia nalo. Akatazama juu. Moto wenyewe ulikuwa wa kijani kwa mbele na mwekundu kwa nyuma, mkubwa kuliko mwezi, ukidondosha cheche, nao ulipita kimya kabisa. Kimya kile ndicho kilichomtia hofu kuliko mwanga. Kuku walishuka kwenye vitundu vyao wakidhani kumekucha.

Ndipo kijiji kizima kilipopiga yowe. Milembe alilipiga jiko teke, akamwaga maji ya mtungi juu ya makaa, akakimbilia mlangoni. “Nyanjige!” aliita. “Nyanjige, ndani!” Miguu midogo ikaja mbio nyuma yake, mtoto akampita ubavuni na kuingia, na Milembe akasukuma mlango, akatia komeo kwa mikono miwili. Mwanga ulikuwa umekwisha zimika. Giza lililobaki lilikuwa zito kuliko giza la siku zote, maana macho yalikuwa yamepofuka. Kisha, walipokuwa wamekwisha kukaa, mngurumo ukaja kutoka mbali. Ulipita juu ya mapaa, ukatikisa vyungu, ukaenda zake.

Baada ya hapo hapakuwa na sauti tena Igumila.

Milembe alikaa ameegemea mlango, Masele titini ili asilie. Alipapasa mpaka pembeni, penye ngozi ya ng'ombe waliyoilalia watoto, akakuta mtoto amejifunika gubigubi. Aligusa kichwa. Kilikuwa kimenyolewa, kwa kuwa mwezi ule watoto wa kike wote walikuwa wamenyolewa kwa ajili ya chawa. Kilikuwa kinatetemeka. Alikiwekea kiganja mpaka kikatulia kidogo, akamshukuru Mungu moyoni kwamba wanawe wote wawili wako ndani. Alitaka kumwambia neno la kumtuliza, akajizuia.

Muda ukapita, mrefu. Jasho likamkauka mgongoni. Masele akasinzia. Ndipo akasikia hatua uani, hatua za mtu anayeburuta mguu mmoja. Zikafika mlangoni. Zikasimama.

“Mama,” ikasema sauti. “Mama, nifungulie.”

Ilikuwa sauti ya Nyanjige.

Milembe aliuma pindo la nguo yake. Alikuwa ameyasikia maneno ya Mzee Magaka tangu akiwa mtoto, lakini hakuna aliyemwambia kwamba sauti ingefanana namna ile. Ilikuwa na ule ukavu kidogo wa koo ambao Nyanjige huwa nao anapokaribia kulia. Chini ya kiganja chake kile kichwa kilianza kutetemeka upya, naye akakikandamiza, kama kusema: nipo, sifungui.

“Mama, ni mimi. Nimeanguka, mguu unauma. Mama, nakuomba.” Mkono mdogo ukagonga, si kwa nguvu. “Mbona husemi?”

Milembe akaziba masikio. Hata hivyo alisikia. Sauti iliomba, ikanyamaza, ikaomba tena. Mara moja ilisema, “Kuna kitu huku nje, Mama,” kwa namna iliyomfanya aweke mkono kwenye komeo kabla hajajua anafanya nini. Akauondoa mkono ule kwa mkono wake mwingine, kama unavyomwondoa mtoto penye moto. Mwanangu yuko ndani, alijiambia. Huyu ndiye, namshika. Yule nje si mtu.

Hatua zikaondoka. Akaisikia sauti kwenye mlango wa jirani: “Mama Holo! Mama Holo, nifungulieni mimi!” Kisha mbali zaidi, mlangoni kwa Mzee Magaka: “Babu!” Hakuna mlango uliofunguka. Halafu, upande wa mashamba, fisi akalia, na mwingine akamjibu kutoka karibu zaidi. Sauti ya mtoto haikusikika tena.

Milembe alipaswa kupata ahueni sasa. Hakuipata. Alijiona kama mtu aliyesahau jambo kubwa asilijue ni lipi. Ili mikono yake ipate la kufanya, alivuta ngozi amfunike mtoto miguu, na kiganja chake kikapita juu ya muundi wa mguu wa kushoto.

Ulikuwa laini.

Alirudisha kiganja. Nyanjige alikuwa na kovu pale, kubwa kama nusu ya kiganja cha mtu mzima, tangu alipoangukia mafiga akiwa na miaka mitatu. Milembe ndiye aliyemuuguza. Alilijua kovu lile kuliko alivyoujua uso wake mwenyewe. Alipapasa tena, juu na chini. Akashika mguu wa kulia, labda amechanganya. Nao ulikuwa laini.

Hofu iliyomwingia sasa haikuwa na mfano. Alikuwa amejifungia gizani pamoja na kitu asichokijua, na mtoto mchanga mikononi, na komeo alilitia yeye mwenyewe. Alisogea nyuma mpaka ukutani. Kile kilicho chini ya ngozi hakikusogea. Kilikuwa kinapumua haraka haraka, kama mtu aliyekimbia. Na Milembe, katikati ya hofu, aliusikiliza ule upumuaji, akausikiliza tena, akaanza kuwaza jambo ambalo hakutaka kuliwaza.

Kulijua hakika kulikuwa na njia moja tu, nayo ndiyo iliyokatazwa.

“Wewe ni nani?” alinong'ona.

Kichwa kilijivuta zaidi chini ya ngozi.

“Nimekuuliza. Mimi nimekwisha sema, na sijachukuliwa. Sema nawe. U nani?”

Ngozi ikasogea. Sauti ndogo, ya kukwamakwama, ikatoka. “Holo.”

“Holo wa hapo jirani?”

“Ee. Nyumba yako ilikuwa karibu.” Mtoto akaanza kulia. “Babu Magaka alisema tusiseme. Nimesema. Sasa nitachukuliwa?”

Maneno yote yaliyosemwa mlangoni yalikuwa yanamrudia Milembe moja baada ya jingine: nimeanguka, mguu unauma, mbona husemi. Alisimama. Akamtoa Masele kifuani, akamweka mapajani mwa Holo, akaikunja mikono ya binti yule kumzunguka mtoto. “Mshike hivi. Usimwache hata akilia. Nikitoka, sukuma mlango, ukae umeuegemea.” Akatoa komeo na kutoka nalo, kwa kuwa ndicho kitu pekee kilichofanana na silaha.

Nje palikuwa na nyota, nyingi na tulivu, kana kwamba hakuna kilichotokea. Aliita. “Nyanjige! Nyanjige, mwanangu, ni mimi Mama!” Aliita mpaka uani mwa jirani, akarudi, akaita kuelekea vihengeni. Hakuna aliyeitika. Akasikia kitu kikitimka kwenye mtama, akapiga komeo chini na kufoka, nacho kikatulia bila kwenda mbali. Ndipo alipoelewa. Mtoto alikuwa amefundishwa kama yeye alivyofundishwa. Hata akiita mama. Popote alipokuwa, kama alikuwa hai, alikuwa anaisikia sauti ya mama yake nje usiku, mahali ambapo mama yake asingeweza kuwapo, na alikuwa anajikunyata zaidi.

Kadiri alivyoita, ndivyo alivyomficha.

Alikwenda mbio mpaka mlangoni kwa jirani. “Mama Holo! Mimi Milembe. Holo yuko kwangu, mzima, amemshika Masele. Fungua unisaidie.” Ndani alisikia mtu akishusha pumzi kwa kilio kilichozuiwa. Mama Holo alikuwa amekaa muda wote ule akijua mwanawe hayumo, na asijue kama amechukuliwa. Lakini hakujibu. Na angejibuje? Hivyo ndivyo moto ungesema, maneno yale yale.

Chini ya mlango ule palikuwa na tundu la kuku kupita. Milembe alilala kifudifudi, akaingiza mkono mpaka begani. “Nishike,” alisema. “Usiseme kitu. Nishike tu.”

Kisha vidole vikagusa vidole vyake, vikaruka, vikarudi. Vilipapasa ugali uliokuwa umeganda kwenye kucha, na jivu, na kiganja kilichokuwa baridi, kinachotetemeka bila kutulia. Mama Holo aliushika mkono ule kwa mikono yake miwili.

“Unaogopa,” alisema. Lilikuwa neno la kwanza kusemwa katika nyumba ile tangu moto upite. “Moto ungeogopa nini?” Na komeo likatoka.

Wakawa wawili. Mama Holo akaita, “Milembe!” na Milembe, aliyekuwa hatua tatu tu kutoka kwake, akaelewa, akaitika kwa nguvu, “Abee!” Wakaenda hivyo nyumba kwa nyumba. Kila mlango walisimama, mmoja akamwita mwenzake, mwenzake akaitika, kisha wakamwita kwa jina aliye ndani, na wakasubiri. Mlango wa tatu ulifunguka. Wa nne haukufunguka. Wa tano walitoka watu wawili. Mzee Magaka alianza kupiga kelele kutoka ndani kwake, “Rudini! Rudini ndani, mtatumaliza!” na sauti yake ilikuwa na kitu ambacho Milembe hakuwahi kukisikia ndani yake. Milembe aliita jina lililofuata.

Walipofika watu kumi na wawili, kijiji kilikuwa kimejaa majina. Yaliitwa huku, yakaitikiwa kule, Abee, Naam, Nipo, Nipo hapa. Mtu akawasha kijinga cha moto, na hakuna aliyemzuia. Na katikati ya makelele yale, kutoka chini ya kihenge cha mwisho, kile kilichoinuliwa juu ya mawe kando ya shamba, sauti kavu ikasema, “Nipo. Mama, nipo huku.”

Milembe alifika wa kwanza. Fisi alikuwa pale, kichwa chini, amekwisha kuanza kufukua udongo kati ya mawe mawili. Alimpiga kwa komeo, akapiga na jiwe, akapiga hewa, na wengine wakafika na moto, fisi akakimbilia mtamani. Wakamtoa Nyanjige kwa mikono. Kifundo cha mguu kilikuwa kimevimba, na uso umejaa vumbi na machozi. Milembe alimshika, akapapasa lile kovu, akalipapasa tena, hakuweza kuacha.

“Nilikuita,” alimwambia. “Mbona hukuitika?”

“Nilisikia ukiita nikaogopa,” alisema Nyanjige. “Niliposikia wote mnaitikiana, nikajua ni watu.”

Hakuna aliyelala. Walikaa uani kwa Milembe mpaka alfajiri, wamezunguka moto, na kila mara mtu alihesabu watoto tena. Hawakukosa hata mmoja. Kulipopambazuka walikwenda kutazama kama moto umeanguka mahali, wasione jani lililoungua. Ulikuwa umepita tu juu yao, ukaenda unakokwenda.

Mzee Magaka walimkuta ameketi kizingitini, mlango wazi nyuma yake. Wengine walimpita. Milembe alisimama. Alikuwa amekuja na hasira ya usiku kucha, maana mwanawe alibisha mlango ule na kumwita babu. Lakini mzee alianza kusema kabla yake, bila kumtazama.

“Alikuwa anakohoa,” alisema. “Kalunde. Mke wangu. Wewe ulikuwa msichana, humkumbuki vizuri. Mwaka ule alikuwa na kikohozi. Alitoka kwenda kumtazama ndama, na moto ukapita. Alibisha hapa akaniita, na katikati ya kuita akakohoa.” Aligusa mlango nyuma yake. “Nilijiuliza: moto unaazima sauti, sawa. Je, unaazima na kikohozi? Nilijiuliza hivyo, na mkono wangu ulikuwa hapa kwenye komeo. Sikufungua.”

“Asubuhi mlimkuta?” aliuliza Milembe.

“Nilikuta kitambaa chake. Na nyayo za fisi. Nyayo nilizifuta.” Sasa alimtazama. “Nikawaambia moto umemchukua. Na nikawafundisha watoto, mwaka baada ya mwaka, nikavunja makomeo mabovu. Kwa sababu kama haukuwa moto, basi alikuwa yeye.”

Milembe hakumsamehe pale, na wanaosimulia habari hii hawasemi kama alimsamehe baadaye. Hasira ilikuwapo bado. Lakini alijua vilevile jinsi mkono wake mwenyewe ulivyokuwa umeondolewa kwenye komeo, na ni nani aliyeuondoa. Kama ule muundi usingekuwa laini, angekuwa yeye aliyeketi kizingitini. Akaketi, si karibu sana naye.

“Mwite,” alisema hatimaye.

“Ataitika nani?”

“Wewe mwite.”

Mzee aliinua uso. Sauti ikatoka, ndogo, kisha ikakua, ikafika mpaka kule vihengeni: “Kalunde!”

Wanawake waliokuwa uani walisimama, kila mmoja na alichoshika mkononi. Milembe alikuwa na koo lililokauka kwa kuita usiku mzima. Hata hivyo alivuta pumzi, akaitika. “Abee!” Na Mama Holo kutoka kwake akaitika, na wengine nyuma yake, mpaka yule binti mwenye mguu uliovimba, aliyekuwa amelala juu ya ngozi, akainua kichwa na kuitika pia. Mzee Magaka alijifunika uso.

Wiki ile wanaume walirudi na asali yao, wakakuta kando ya vinu vya kijiji pamepigiliwa vigingi vipya vya kufungia ndama, vigumu, vilivyochongwa vizuri. Yalikuwa ni yale makomeo ya milango. Hakuna mwanamke aliyetaka kueleza kwanza. Walieleza baada ya watu kula.

Na tangu siku hiyo, kimondo kikipita juu ya Igumila, watu hawakimbilii ndani. Hutoka. Hata mgonjwa hubebwa mpaka mlangoni. Mkubwa wa kijiji huita jina la Kalunde kwanza, na wanawake wote humwitikia. Kisha kila mtu huitwa kwa jina lake na kuitika mwenyewe. Mtoto mchanga huitikiwa na mama yake. Aliye safarini huitikiwa na wa nyumbani kwake, wakisema yuko wapi na anarudi lini. Mgeni aliyelala kijijini huulizwa jina palepale, naye huitwa kama wengine.

Msidhani kwamba hofu imekwisha. Ule mwanga ukipita, vivuli vikaanza kukimbia, sauti ya kwanza hutoka ikitetemeka. Haidhuru. Wanaendelea kuita, mmoja baada ya mmoja, mpaka jina la mwisho. Na asipoitika mmoja, hakuna anayelala.